Kitanda Kisicho na Mtoto

Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu alishona sare za shule katika chumba chenye dirisha la barabarani. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mimba yao ya kwanza ilipoingia mwezi wa saba, miguu ya Fundi ilivimba hadi akawa anakanyaga cherehani pekupeku.

"Miguu ya mimba hiyo, mwanangu," mama mkwe alimwambia kwenye simu. "Mimi nilipombeba mumeo nilivaa ndala za baba yake."

Fundi akacheka, akaendelea na kazi. Kichwa kikamgonga, akameza dawa ya maumivu. Siku alipoona uzi mmoja kama nyuzi mbili ndipo alipofunga mlango na kwenda kliniki.

Muuguzi alipima presha, akarudia. Akachovya kipimo kwenye kikopo cha mkojo, uso ukambadilika.

"Presha iko juu sana, na mkojo una protini. Leo hurudi nyumbani, dada."

"Nina nguo za watu."

"Watangoja. Lala ubavu wa kushoto."

Hospitalini daktari alivuta kiti, akakaa. "Presha imebana mishipa midogo ya figo zako. Zinashindwa kuchuja. Tiba yake hasa ni kumtoa mtoto."

"Lakini hajafikisha miezi, daktari."

"Najua, mama."

Simu ya mumewe haikupatikana, akatia saini mwenyewe. Mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji, akakimbizwa kwenye chumba cha watoto njiti, jengo la pili, kabla mama yake hajazinduka.

Fundi aliamkia wodi ya wazazi. Kila kitanda kilikuwa na mtoto isipokuwa chake. Ubavuni mwa kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo, na ndani yake mlikuwa na tone la rangi ya chai kavu. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, ndugu wa wenzake walijaa na vikapu na vicheko.

"Wa kwako yuko wapi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Amelala," Fundi akajibu, akageukia ukutani.

Figo ziligoma kabisa, ikabidi asafishwe damu kwa mashine. Kwenye kiti cha jirani alikaa mwalimu mstaafu, mzoefu wa chumba kile.

"Fundi nguo? Basi hapa wanatufua tu," alimwambia. "Pasi tutajipigia nyumbani."

Fundi alicheka mpaka mshono ukamuuma. Aliporudishwa pale mara nyingine, kiti kile kilikaliwa na mtu mwingine. Hakuuliza.

Halafu asubuhi moja muuguzi aliinua mfuko, akatangaza wodi nzima isikie: "Hongera mama, umekojoa!"

Fundi alitaka kumwambia mtu. Lakini unampigia nani kumwambia umekojoa? Akajaribu namba ya mumewe, aliyekwama mpakani na mzigo. Ikaita.

"Nimekojoa," alisema.

Kisha akasikia mtu akivuta kamasi.

"Mke wangu," mumewe alisema, "hebu rudia."

Alipopata nguvu, walimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi jengo la pili. Muuguzi wa njiti alimpakata mtoto, akamwita kidege, kisha akamkabidhi. Mtoto akalia. Akanyamaza pale tu muuguzi alipozungumza. Fundi alifungua vifungo, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akangoja.

Figo zilirudi, ila si kikamilifu kama zamani. Protini bado ilivuja kidogo, na daktari alimwandikia vidonge vya presha, akamwonya asibebe mimba nyingine kabla hawajazungumza. Mumewe alifika akawachukua wote wawili, akakaa siku chache, kisha lori likamwita tena.

Fundi akabaki na mtoto kwenye chumba chenye dirisha. Kutwa nzima alimsimulia kila alichofanya, hapa nakata kola, hapa natia kifungo, ili aizoee sauti yake.