Boksi la Breka Alilofunga Ammi Nasser

Mzee Abdulhadi aliuza vitenge Mwananyamala, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Bintiye Arwa alikuwa fundi wa umeme. Alishafunga umeme katika nyumba za watu hadi Kimbiji, lakini nyumbani kwao hakuwahi kuruhusiwa kubadilisha hata swichi. Kila kukiwa na kazi, baba aliita fundi wa nje.

Jumamosi moja fundi huyo akapiga simu kwamba anaumwa. Paneli mpya za sola zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zikisubiri kuunganishwa na zile ndogo zilizokuwa juu ya paa. Bahiya, mke wa mzee, alikuwa akiuza aiskrimu, na alishachoka kumwaga zilizoyeyuka kila umeme ulipokatika.

"Arwa si yupo?" akasema. "Mpe kazi mwanao."

Mzee akakuna ndevu. "Haya basi. Panda paani, jua lisije likakuzidi."

Arwa hakupanda. Alikwenda ukumbini, akazima umeme wote na kufungua boksi la breka, lenye swichi za umeme wa nyumba nzima.

"Hilo liache," baba akasema. "Nililifunga na marehemu ndugu yangu, ammi yako Nasser. Halijawahi kutusumbua."

"Najua, baba. Ammi alilifunga vizuri, kwa taa na redio. Sasa kuna friza, pampu na pasi. Umeme wa nje ukiingia pamoja na huu wa sola mpya, boksi hili halibebi. Ona."

Akammulikia kwa simu. Waya mmoja mnene ulikuwa umegeuka kahawia pale ulipobanwa. Mzee aliugusa, na ganda lake likabanduka likabaki kidoleni mwake. Aliliangalia, kisha akautazama ukuta uliobeba boksi. Ukuta ule ndio uliotenganisha ukumbi na chumba alimokuwa akilala mkewe.

"Ungeunganisha tu paneli, ingekuwaje?"

"Labda tungekaa mwezi bila shida. Labda waya huu ungewaka moto. Mie siungi, baba. Hata ukinigombeza."

Mzee akavua kofia, akaivaa tena.

"Nani kakugombeza? Niambie boksi la aina gani tukanunue."

Walikwenda dukani pamoja. Alasiri Arwa alifunga boksi kubwa zaidi na kubadilisha waya ulioungua, baba akimpa bisibisi kabla hajaziomba. Kisha akapanda paani, na mzee akaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka paneli ya mwisho ilipofungwa.

Jumatatu umeme ukakatika mtaa mzima. Kwa Bahiya friza iliendelea kunguruma, na watoto wakajipanga kununua aiskrimu. Mwalimu Gaspar, jirani yao, akaja dukani kuuliza.

"Shikamoo mzee. Na mie nataka kuongeza sola. Nani kakufungia?"

"Marahaba. Binti yangu," mzee akajibu, akainuka kumwita. "Ila ataanza na boksi lako, mwalimu. Usimkatalie kama nilivyotaka kumkatalia mie."