Mbwa Asiyekula cha Kupewa

Mama Jamilu hakupenda mbwa, na hilo alilisema kila siku, kwa hiyo kila aliyepita kwake Busia kunywa chai alilijua. Mbwa mwenyewe alikuwa wa mwanawe. Jamilu alimtoa Tororo akiwa mdogo wa kuingia mfukoni, wakati ule walipokuwa wakijenga kiwanda cha saruji na yeye akipeleka mawe kwa lori. Baadaye akapata kazi ya kupeleka pamba Kisumu, akamwachia mama yake mbwa na neno moja: "Nitamkuta."

Mama Jamilu alikuwa mtu wa dini. Kwao mate ya mbwa ni najisi. Akilamba chombo, kinaoshwa mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Maji yalikuwa mbali na mtekaji nilikuwa mimi, kwa hiyo hata mimi sikusikitika mbwa yule alipofundishwa adabu mapema. Akikaribia sufuria, mwiko. Akinusa beseni, kiatu. Akakua na kuwa mbwa anayepita mbali na kikombe kama watu wanavyopita mbali na mzinga wa nyuki. Maji yake alikunywa kwenye vidimbwi, pale tulipomwaga ya kuoshea vyombo. Mchana alilala mlangoni pa kibanda, miguu ya mbele ameipanga sawasawa, akimtazama kila anayeingia kama anamwandika. Madereva wakamwita Karani.

Mimi ni Amulen, kwetu Buteba. Nilisoma mpaka darasa la nne, halafu mama akanileta kwa Mama Jamilu nimsaidie kukunja sambusa. Kukunja sambusa ni kazi nzuri kwa mtu mpole, maana mikono inakwenda yenyewe na macho yanabaki huru kutembea.

Mwaka ule ukaingia ugonjwa wa mbwa kichaa. Upande wa Kenya mbwa aliuma ndama, na ndama akafa akipiga kelele, na habari ikavuka mpaka kabla ya jioni. Serikali ikatoa amri: askari wazunguke na bunduki, mbwa yeyote mgonjwa apigwe. Na Karani, kama mtu aliyengoja amri itoke, ndipo akaanza kukonda. Mbavu zikatoka nje. Akawa anayumba akitembea, na mate yanamning'inia.

Odeke ndiye aliyemwangalia. Alikuwa kijana wa kutibu ng'ombe, akizunguka na baiskeli, na chai yake alikunywa kwetu. Alimfunua Karani mdomo, akatazama ufizi.

"Mweupe kama unga," akasema. "Hii ni minyoo, mama, si kichaa."

"Basi waambie hao askari wako."

"Nitawaambia. Lakini askari haangalii ufizi. Anaangalia mbwa. Jumamosi watapita hapa, na wakimkuta amelala hivi na mate hivi, mimi nitasema nini?"

Akatoa vidonge viwili kwenye karatasi, vinene kama punje za mahindi. Kimoja kingetosha, alisema, ila kimezwe leo au kesho, ili Jumamosi mbwa awe amesimama. Cha pili ni cha akiba kama atatapika.

"Na akikataa?" Mama Jamilu akauliza.

"Mbwa kukataa nyama? Mama, usinichekeshe."

Mama Jamilu akaenda mwenyewe kwa mchinjaji, akanunua maini. Kumbuka huyu ni mtu asiyependa mbwa. Akakata kipande, akakificha kidonge ndani, akakiweka kwenye sahani iliyovunjika ukingo. Akaiweka chini mbele ya Karani, akachuchumaa. Akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Karani, baba. Kula, mwanangu. Kula kidogo tu."

Karani akaitazama sahani. Akamtazama Mama Jamilu. Akainuka kwa taabu, akaenda kulala nyuma ya choo.

"Ananidharau," Mama Jamilu akasema.

"Anaogopa sahani, mama."

"Mpe kwa mkono basi."

Nikampa kwa mkono. Alinusa vidole vyangu, kisha akageuza uso polepole kama bibi harusi aliyeonyeshwa bwana asiyemtaka. Nikamfuata upande huo. Akageukia mwingine.

Odeke alikuwa amesema ikibidi tumfumbue mdomo kwa nguvu. Mama Jamilu akafikiri habari ya mate, akaingia ndani, akatoka amejifunga magunia ya chumvi mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Mbwa huyu hajawahi kuguswa naye tangu azaliwe. Sasa anamwona anakuja, mikono minene kama ya tembo, anaita "njoo, njoo, mwanangu". Ugonjwa ule wote ukamtoka kwa dakika moja. Alipita katikati ya miguu yangu akaingia chini ya lori la watu, na dereva akakataa kuondoka mpaka tumtoe, na hatukuweza kumtoa. Mwisho alitoka mwenyewe, alipochoka kusikia tukimwomba dereva radhi.

Nikasema labda tukifiche kidonge ndani ya sambusa, harufu ya kitunguu itakificha. Nikaikunja vizuri, nikaikaanga, nikaiweka peke yake ukingoni mwa meza ipoe. Nikageuka kuchochea moto.

"Yoga," mtu akanisalimia kwa lugha ya kwetu nyuma yangu.

Alikuwa Mjomba Ecweru, kaka yake mama, ambaye alikuja Busia kuuza kuku. Mjomba hakuwahi kuomba chakula maishani mwake. Hukichukua kwanza, ndipo anasalimia. Alikuwa ameshaanza kutafuna.

"Amulen, nyama ya leo imelala? Kuna kitu kichungu."

"Mjomba, tema. Hiyo ni ya mbwa."

Akaacha kutafuna. Akamtazama Karani, kisha sambusa iliyobaki mkononi, ncha tu.

"Siku hizi mbwa wa Busia wanakaangiwa sambusa?"

"Ina dawa ya minyoo."

Mjomba akafikiri. "Nimeshameza," akasema, na ile ncha akaila pia, maana ilikuwa imeshalipiwa, alisema, ingawa sijui na nani. Mchana ule hakuuza kuku hata mmoja. Alikuwa akiingia kwenye mtama wa watu nyuma ya soko, akitoka, akiingia tena, na kuku wake tuliwashika sisi. Odeke alipopita na kusikia, aliegemea baiskeli yake akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Hafi," akasema. "Na yeye alikuwa nayo hiyo minyoo, nina hakika."

Lakini kidonge kilibaki kimoja.

Ijumaa Karani hakuinua kichwa hata malori yalipopiga honi. Mama Jamilu aliporudi kutoka kusali alikaa kwenye kigoda akimtazama, ushungi bado kichwani.

"Wote wananijua ninavyosema," akaniambia. "Kila siku mbwa huyu, mate yake, laana yake. Akipigwa risasi kesho watasema Mama Jamilu amefurahi. Na Jamilu naye atasema hivyo hivyo. Hatasema kwa mdomo. Ataninyamazia tu, na mimi namjua akininyamazia."

Nikaendelea kukunja. Macho yakatembea, yakafika kwa Karani, yakakaa hapo.

Nikajiuliza, huyu ameishi miaka yote hii kwa kula nini? Tangu nimekuja sijaona mtu akimpa kitu. Kumbe hakuwahi kupewa. Jioni tulikula mkekani, mimi na Mama Jamilu, na kilichoanguka nje ya mkeka kilikuwa cha Karani. Mama Jamilu humwambia, "Toka hapa, mlafi," naye huja papo hapo, huokota, hurudi nyuma, hungoja tusi lingine. Tusi ndilo lililokuwa kengele yake ya chakula. Na tangu Karani augue, Mama Jamilu hakuwa akila, na hakumtukana hata mara moja. Sauti zote zilikuwa laini. Hata mimi ningekuwa Karani ningejificha.

"Mama," nikasema, "umtukane."

"Nani?"

"Karani. Tule mkekani kama kawaida, umtukane, na nyama ikuponyoke."

Akanitazama kama anayetafuta homa usoni mwangu. "Nimtukane mgonjwa? Siku ya Ijumaa?"

"Kidogo tu."

Jua lilikuwa bado halijashuka tulipotandika mkeka. Maini yalikuwa yamekwisha, tukapika nyama kidogo, na kidonge cha mwisho kikaingia katika kipande chenye mafuta. Mama Jamilu akakiweka upande wake wa sinia. Karani alikuwa amelala palepale ukutani, jicho moja wazi.

"Toka hapa, mlafi," Mama Jamilu akasema.

Ilitoka kama anambembeleza mtoto alale. Karani akalaza masikio.

"Sivyo hivyo, mama. Hata kuku hawezi kuondoka kwa sauti hiyo."

"Haiji, Amulen. Nikimtazama haiji."

"Usimtazame. Kumbuka kanzu ya Jamilu ya Idi."

Kanzu ile ilianikwa, upepo ukaiangusha, na Karani akailalia asubuhi nzima na matope yake yote. Mama Jamilu akaikumbuka. Niliona hasira inapanda kutoka kifuani.

"Mshenzi," akasema. Halafu kwa nguvu, "Mshenzi mkubwa, mlafi, mlala juu ya kanzu za watu. Nimekulisha nini wewe mpaka unitazame hivyo? Toka hapa. Toka, nasema, uso kama kiatu cha mvua." Na mkono ukizungukazunguka hewani, kile kipande kikamtoka, kikaanguka nje ya mkeka. Akajifanya anainama kukiokota, kwa hasira.

Karani akainuka. Sijui alitoa wapi nguvu. Alifika kabla ya mkono wa Mama Jamilu, akakinyakua, akakimeza bila kutafuna, akarudi nyuma, akangoja.

Mama Jamilu aliendelea kumtukana. Alimtukana mkia, akamtukana viroboto wake mmoja mmoja, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mama, ameshameza," nikasema.

"Najua. Niache nimalize."

Kuhusu kilichotokea baadaye nyuma ya choo sitasema, ila dawa ile ilikuwa ya kweli. Jumamosi asubuhi Karani alikuwa amesimama mlangoni, miguu inatetemeka kidogo, mate hakuna.

Askari aliyekuja aliitwa Edeku, mtu mnene wa kutoka Nabuyoga, na bunduki yake begani, na Odeke nyuma yake akisukuma baiskeli. Watu wa sokoni walikuwa wanamfuata kwa mbali.

"Huyu mwembamba sana," Edeku akasema.

"Minyoo," Odeke akajibu. "Amepata dawa jana."

"Naweza kuamini. Lakini mimi nimefundishwa kupima kwa maji. Kichaa anaogopa maji, mzima anakunywa. Hapo hakuna maneno." Akachukua beseni la kuoshea mikono pale mezani, lililojaa, akaliweka chini mbele ya Karani.

Karani alikuwa na kiu. Ulimi ulikuwa nje. Aliyatazama maji, na nikaona koo lake linameza tupu. Kisha akaliona beseni. Akarudi nyuma hatua moja.

Edeku akalisukuma kwa kiatu, likamfikia puani. Karani akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuza uso, mwili wote ukamtetemeka.

"Umeona mwenyewe, Bwana Odeke."

Watu wakarudi nyuma. Mama mmoja akamshika mtoto wake. Bunduki ikawa inashuka begani polepole, bila haraka yoyote.

Mama Jamilu akatoka ndani na mwiko wa unga mkononi. Hakumtazama Edeku. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye beseni.

"Nani amekupa ruhusa ya kusogelea beseni langu?" akamwambia Karani. "Eh? Mwizi wa maji. Leo beseni, kesho utaomba kitanda. Toka hapa." Akalipiga beseni teke, likapinduka, maji yakatambaa udongoni mpaka kwenye viatu vya askari.

Karani akangoja amalize. Akamtazama, akasogea, akainamisha kichwa, akaanza kunywa kidimbwi kile. Alikunywa kwa kelele, maji na tope pamoja.

Edeku alisimama na bunduki si juu wala chini. "Kwenye beseni hakutaka," akasema.

"Beseni ni langu," Mama Jamilu akajibu. "Yake ni ya chini. Yeye analijua hilo, wewe ndiye mgeni."

Mtu akacheka huko nyuma. Odeke akasema taratibu, "Kichaa hanywi hivyo, afande." Edeku akasikiliza ule ulimi kwa muda, kama mtu anayesikiliza injini. Kisha bunduki ikarudi begani, wakaenda nyumba ya pili, na watu wakawafuata.

Kidimbwi kilikuwa kimekwisha, na Karani alikuwa bado analamba udongo. Mama Jamilu akaliokota beseni, akalijaza maji niliyoyateka asubuhi, yote, akayamwaga chini mbele yake, akimtukana yeye, na baba yake, na babu yake huko Tororo. Karani akanywa.