Maziwa ya Kizazi cha Kumi na Tano

Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, Ngendo alikuwa amekwisha kupiga deki duka la Shashikant, amepanga viti vinne vya plastiki katika chumba cha nyuma na kuweka vikombe vinne mezani. Viti na vikombe vilikuwa vya wanachama. Yeye alisimama, kwa kuwa mtu anayemimina chai hahitaji kiti, na kwa kuwa katika miaka saba hakuna aliyewahi kuhesabu hadi tano.

Duka lilikuwa Nyeri mjini, katikati ya muuza mbegu na mshona sare za shule, na liliuza kompyuta. Chumba chake cha nyuma kilikuwa makao ya kikundi kilichojiita Wazee wa Prosesa. Shashikant alikuwa mwenyekiti, maana chumba ni chake. Wambugu, aliyefanya kazi katika ofisi fulani ya serikali ambako kompyuta yake huchukua nusu saa kuwaka, alikuwa katibu. Mwalimu Mwai alitoka Karatina kila Jumamosi na daftari ambamo alinakili kasi ya kila prosesa mpya duniani, yaani ubongo wa kompyuta. Wa nne alikuwa Gicheru, mpima ardhi mstaafu, ambaye huzungumza mara moja kwa mwezi, na akizungumza, wenzake huweka vikombe chini.

Asubuhi hiyo prosesa ya kizazi cha kumi na tano ilikuwa mezani ndani ya kisanduku chake, pamoja na ubao mkuu wa kukalia, maana prosesa ya kizazi hicho haikubali kukaa juu ya ubao wa kizazi kingine. Hakuna mzee aliyekuwa na kazi ya kuipa. Mwalimu Mwai hutumia kompyuta kutunga mitihani ya Kemia, na Shashikant hucheza karata. Hata hivyo waliitazama jinsi watu wanavyomtazama mtoto aliyezaliwa jana.

"Hii iko na core ishirini na nne," akasema Wambugu. "Ile yangu ya zamani sasa ni ya kuwekea mlango usifunge."

"Core si shida, bwana. Shida ni socket," akasema Mwalimu Mwai. "Wamebadilisha tena. Ati hata cooler ya mwaka jana haiingii."

"Si ndiyo maendeleo, Mwalimu," akasema Shashikant.

Soketi, kile kitundu cha mraba kwenye ubao ambamo prosesa hulazwa, ilimhusu Ngendo kuliko ilivyowahusu wote wanne. Tangu aajiriwe usafi alitaka kitu kimoja tu, kuwa fundi wa duka hilo. Alipoomba mara ya kwanza, enzi za kizazi cha kumi na mbili, Shashikant alimwambia akasome. Akasoma jioni katika chuo cha ufundi, akaleta cheti. Alipokileta, kizazi cha kumi na tatu kilikuwa kimetoka na soketi yake mpya, na cheti kilizungumzia ile ya zamani. Akarudi darasani. Akaja na cheti cha pili, akakuta kizazi cha kumi na nne kimemtangulia mlangoni. Sasa kulikuwa na tangazo kwenye kioo cha mbele: anatafutwa fundi, awe na uzoefu wa miaka mitatu wa soketi mpya. Soketi mpya ilikuwa na umri wa wiki sita.

"Kizazi kinachokuja kitakuwa chako, Ngendo," Shashikant humwambia kila mara, na husema kwa upole, maana ni mtu mpole kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mkali, angalau angejua pa kumshika.

Heshima ya kuifunga mashine alipewa Wambugu. Sasa, prosesa haifungwi kavukavu. Hupakwa pesti, uji wa kijivu unaopitisha joto lake hadi kwenye kipozeo, ile cooler, ama sivyo itaungua. Wambugu alifinya kijibomba cha pesti, kikatoa hewa.

"Iko ingine kwa drawer ya chini, mzee," akasema Ngendo kutoka mlangoni.

Hakuna aliyegeuka, isipokuwa Gicheru, aliyevuta droo ya chini, akaiona pesti, akairudisha droo taratibu. Mwezi ule alikuwa amekwisha kuzungumza.

Wambugu alikuwa na ng'ombe wawili nyumbani kwake Skuta, na asubuhi hiyo alikuwa amewanunulia mkebe wa mafuta ya kukamulia. Aliutoa mfukoni. "Mafuta ni mafuta," akasema. "Inataka tu kitu ya kuteleza hapo katikati." Mwalimu Mwai, mtu wa Kemia, alifikiri kidogo, akakubali kwamba kuna mantiki. Wambugu akapaka, akabana kipozeo juu yake, akakaza skrubu nne na kubonyeza swichi. Mashine haikuwaka.

Kwa wiki mbili wazee walishuku umeme wa Nyeri, wakashuku RAM, wakashuku kiwanda, na mwishowe wakashuku baridi ya mlima. Jumanne ya wiki ya tatu, Ngendo alichovya kitambaa katika maji vuguvugu, kama afanyavyo kila siku, akapangusa ubavu wa mashine, kisha yale matundu manne ya USB yaliyo mbele. Mashine ikashusha pumzi. Taa ikawaka, feni ikazunguka, na baada ya muda mfupi ikaanza kucheua. Ngendo alikuwa amekulia kati ya ng'ombe na hakuhitaji kuelezwa. Alinawa mikono, akaleta ndoo ndogo ya plastiki, akachuchumaa, akakamua lita tatu kutoka kwenye matundu manne ya USB. Kisha akayafunika maziwa na kwenda kumalizia kufagia mbele ya duka, maana wateja walikuwa wanakuja.

Tangu siku hiyo mashine ilitaka kukamuliwa saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Ikicheleweshwa, ililia, na mshona sare jirani akaacha kutazama saa. Shashikant aliacha kununua maziwa ya pakiti. Wazee walilipokea jambo hilo kwa furaha, kwa sababu lilihitaji majadiliano. Wambugu alieleza kwamba yote yametokana na mafuta yake. Mwalimu Mwai alipima kasi, akapata namba mara mbili ya zote zilizo daftarini mwake, mradi tu Ngendo amesimama kando na mkono wake uko juu ya mashine. Akienda jikoni kutazama chai, kasi ilishuka hadi ile ya kizazi cha kumi na moja. Mwalimu alipima mara tisa, kwa uangalifu wa msomi, kisha akaandika: *Matokeo hutegemea hali ya hewa chumbani.*

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyemleta Daktari Nyawira, daktari wa mifugo wa kutoka Karatina. Daktari aliweka kipimo chake ubavuni mwa mashine, akasikiliza, akakagua matundu moja baada ya jingine, akasema ina afya njema, ila itundikiwe jiwe la chumvi ilambe, na isibadilishiwe mikono ovyo.

"Ni nani anaikamua?" akauliza.

"Wambugu ndiye aliifunga," akasema Shashikant.

"Sijauliza nani aliifunga."

Daktari aliitazama mikono ya Ngendo, iliyokuwa myekundu kwa maji ya moto, akatoa kadi ya mifugo. Kadi ilikuwa na nafasi ya jina la mwenye mnyama na nafasi ya aina ya mnyama. Akaandika *Shashikant*, akaandika *kizazi cha kumi na tano*, akasimamisha kalamu kidogo kutafuta nafasi ya tatu, ya anayekamua. Haikuwepo. Akaaga akaenda zake.

Usaili wa kazi ya fundi ulifanywa Jumatatu. Wasailiwa walikuwa wanne, Ngendo akiwa wa mwisho, na wasaili walikuwa Wazee wa Prosesa wenyewe. Kila mtu aliulizwa maswali, kisha akaambiwa aiwashe mashine ile. Wa kwanza aliitwa Kingori, kijana mtanashati wa suti ya bluu, aliyetaja kwa kichwa idadi ya miguu ya prosesa tangu kizazi cha saba, na Mwalimu Mwai akafumba macho kwa raha. Alipobonyeza swichi, mashine ilimpiga teke la waya wa umeme kwenye goti. Wawili waliofuata nao wakapigwa.

Ngendo alivua aproni yake ya kijani, akaikunja na kuitia mkobani kabla ya kuingia. Hakutaka kuingia nayo. Aliweka mkono ubavuni mwa mashine, akaisemesha kidogo kwa Kikuyu, nayo ikawaka. Alifungua ubavu, akataja kila kilichomo kwa jina na kazi yake, akaizima, akabadilisha kijiti cha RAM, akaiwasha tena. Namba zikapanda hadi skrini ikakosa mahali pa kuziweka.

"Na hapo juu imepakwa mafuta ya kukamulia," akasema. "Pesti ya sawa iko kwa drawer ya chini. Nilisema."

Aliombwa angoje nje. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na wazee walikuwa watu wa sauti.

"Hiyo si ufundi," alisema Wambugu. "Hiyo ni mazoea. Mashine inamjua."

"Huwezi pima mtu na mashine inampenda," alisema Mwalimu Mwai. "Haitakuwa haki kwa hao wengine."

"Na ile experience ya miaka tatu?" aliuliza Shashikant.

"Hana," alisema Wambugu.

"Kingori yuko nayo?"

"Ameandika yuko nayo."

Gicheru alikuwepo. Hakukataa, wala hakukubali.

Shashikant alitoka mwenyewe kumpa habari, kwa upole, akamwambia kizazi kinachokuja kitakuwa chake. Halafu akamwomba jambo dogo: kwa sasa, mpaka Kingori azoee, awe anasimama pale Kingori anapoiwasha mashine. Na anapoizima. Na hapo katikati. Ngendo aliona aibu ambayo haikuwa yake, kisha akaona hasira, ambayo ilikuwa yake kabisa. Akachukua mkoba, akatoka bila kuaga.

Saa tisa ilimkuta kwenye kona ya pili, akielekea nyumbani na azma ya kutorudi. Mashine ikalia. Watu wa barabarani hawakugeuka, maana walishaizoea. Ikalia tena, kwa sauti ya chini zaidi, na Ngendo akasimama. Alijua uchungu wa kiwele kilichojaa kisichokamuliwa, na alijua kwamba aliyemnyima kazi si mashine. Alisimama pale dakika nzima akijilaumu kwa huruma yake. Kisha akageuka, akatoa aproni mkobani, akaifunga akitembea.

Jumamosi iliyofuata viti vilikuwa vitano, na vikombe vitano. Shashikant alimnunulia Kingori kiti kipya, na ikadhihirika kwamba kuhesabu hadi tano kulikuwa kunawezekana siku zote. Kingori alikaa na koti lake jipya la fundi, mikono mfukoni, maana mashine haikupenda mikono yake baridi. Kwenye kadi ya mifugo, ukingoni, Wambugu alikuwa amepata nafasi ya tatu na kuandika kwa herufi kubwa: *MHUDUMU: FUNDI KINGORI*.

Mezani palikuwa na kisanduku kipya cha kizazi cha kumi na sita.

"Wamebadilisha socket," akasema Mwalimu Mwai, akifungua daftari.

"Lazima," akasema Wambugu.

Mazungumzo yaliendelea mpaka alasiri. Ngendo alikuwa anamimina chai ya mzunguko wa tatu Gicheru alipokohoa na kunyoosha mgongo. Mwezi ulikuwa umegeuka. Wenzake waliweka vikombe chini, Kingori akaweka chake kwa kuwaiga, na Ngendo akabaki na birika hewani. Huyu mzee aliiona pesti kwenye droo. Aliona kila kitu tangu siku ya kwanza, na neno lake katika chumba hicho halikuwahi kupingwa.

Gicheru alimtazama Ngendo usoni, kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayejua mpaka wa shamba uko wapi.

"Siku hizi," akasema, "chai ya hapa iko na maziwa mazuri."

Wote wakakubali kwamba ni kweli, wakainua vikombe, na Shashikant akampongeza Kingori kwa jina. Saa tisa ilipofika mashine ililia kutoka kwenye kona yake. Kingori alimtazama Ngendo. Ngendo aliweka birika mezani, akaenda kupasha maji.