Kutembezwa na Dada

"Njoo ukae," dada aliniita kutoka mwisho wa korido, akikipigapiga kigoda. Nikajikokota. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa linawaka moto. Nilipokaribia kabisa, akakinyanyua kigoda, akanipita, akaenda kukikalia mwisho wa pili.

"Mchawi wewe!" nikalia.

"Mchawi ana miguu yote miwili. Tembea."

Mshipa wa paja langu ulikuwa umeziba, malipo ya sigara nilizovuta kwa kificho nyuma ya saluni nilikosuka watu. Daktari alitueleza sote wawili: nyama ya mguu ikifanyishwa kazi na huku damu haiitoshi, hulia njaa, na mishipa midogo mipya huchipua kuifuata, ikizunguka palipoziba. Isipochipua, mguu unakatwa. "Tembea mpaka mguu ukuume kweli, pumzika, tembea tena." Dada aliyasikia yote isipokuwa kupumzika.

Nilijua kwa nini. Mwanamume aliyenioa alikuwa ameshapeleka posa kwa dada nilipomchukua. Baadaye akaniacha, nikaugua, na wa kunipokea akabaki dada peke yake. Mungu naye ana utani wake.

Basi akanitembeza, asubuhi na jioni, majirani wakichungulia milangoni. Nikianguka haniokoti. Anangoja, anakata kucha.

"Siku ile uliponipora hukuchoka," aliniambia mara moja, bila hasira, kama anayeuliza bei ya nyanya.

Nilimchukia, wallahi. Kuna siku nilitembea kwa chuki tu, maana nguvu zilikuwa zimekwisha.

Miezi ikapita. Vidole vya mguu vilivyokuwa baridi na vyenye ganzi vikaanza kupata joto. Daktari akapitisha kipimo chake mguuni, akasikiliza, akacheka. "Damu imejitafutia njia. Hatukati." Akamgeukia dada. "Mama, unampenda sana mdogo wako."

"Hapana," dada akajibu.

Daktari akadhani ni mzaha.

Tulipofika nje nikamshika mkono, machozi yananitoka. "Dada, sijui nikushukuru vipi."

Akautoa mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nikimfukuza kilema, watu watanisema," akasema. "Sasa unatembea. Kachukue nguo zako."

Nilibeba mzigo wangu mpaka stendi bila kupumzika. Mguu haukuuma hata kidogo.