Iodini ya Nesi Teodora

Kwa miaka kumi na tisa hakukuwa na nesi wa kumshinda Teodora kwa kusafisha vidonda. Wagonjwa walitoka Kigongo wakapita zahanati mbili tatu njiani, wakiitafuta mikono yake. Hata serikali iliporuhusu hospitali za watu binafsi, na daktari Yakobo akafungua yake ndogo pale Buhongwa, mtu wa kwanza kumfuata alikuwa yeye.

Ndipo akaja Modesta wa maabara, binti aliyesomea Tbilisi, kule Georgia, enzi za Warusi. Miezi miwili tu, na tayari daktari alikuwa akimwuliza yeye kwanza. Teodora alilimeza hilo kama mtu anavyomeza mwiba wa sato, akiusikia kila alipomeza mate.

Mwaka huo alilazwa Mzee Luhende, mfugaji aliyejeruhiwa mguu na plau. Kidonda kilitoa usaha wa kijani, kikakataa kila sindano.

"Kisipobadilika hadi Ijumaa," daktari alisema, "tutakata chini ya goti."

Mzee aligeukia ukutani. Ng'ombe hawamsubiri mtu wa mguu mmoja.

Modesta akaomba apewe siku hizo. Alichota maji ya mto Mirongo, yale yanayobeba uchafu wote wa mji, akayachuja mara nyingi mpaka yakang'aa. Kisha akamwita Teodora aone kisahani alichooteshea bakteria wa kidonda kile. Walikuwa wametanda kama utando wa maziwa, na kati yao palikuwa na viduara vyangavu.

"Kila kiduara ni mahali walipoliwa, dada. Ni virusi wa maji yale, wanaoua bakteria, wala mtu hawamdhuru. Ila iodini inawaua wao. Ukisafisha, tumia maji ya chumvi yaliyochemshwa peke yake, halafu udondoshee dawa hii ya kichupani."

"Nimesikia," Teodora alijibu. Alichosikia ni kwamba mtoto wa juzi anamfundisha kuosha kidonda.

Jumatatu asubuhi alipofungua bandeji, mzee, aliyezoea kumwita mama kwa Kisukuma, alitupia macho mlangoni.

"Mayu, yule binti haji? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ana kazi zake," alisema Teodora, na mkono ukaenda kwenye chupa ya iodini. Alijiambia ni mazoea. Jumanne mkono ukaenda tena, na safari hii hakujiambia kitu. Alidondoshea ile dawa juu yake, akafunga vizuri kama kawaida.

Modesta hakufungua bandeji hata mara moja. Ile ilikuwa kazi ya mkubwa wake, na hakutaka kumwingilia. Kila siku aliuliza tu, akaambiwa hakuna nafuu, akarudi maabara kuchuja maji upya.

Alhamisi Teodora alipokuja na sinia lake alimkuta Modesta ameketi kando ya kitanda, akimpoozea mzee uji.

"Babu, nimekosea mimi," Modesta alikuwa akisema. "Dada Teodora amefanya yote sawasawa. Kesho usimkasirikie."

"Mayu? Nani amkasirikie mayu? Mikono ile hainiumizi."

Teodora aliliweka sinia chini. Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Daktari, kesho usimkate. Dawa haijafanya kazi kwa sababu nimekuwa nikitumia iodini."

"Ulisahau?"

Swali lile lilimfungulia mlango wa kutokea, tena kwa upole. Teodora hakupita.

"Sikusahau. Nilimwonea wivu Modesta."

Daktari alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Siku nne," alisema. "Na utamwambia mwenyewe. Mzee pia."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama bado kuna uji. Modesta ndiye aliyeliweka bakuli la uji chini.

"Siku tatu nimejiona sijui kazi," alisema.

"Najua, mdogo wangu."

"Hujui." Akampa kichupa kipya. "Kesho tutaosha wote. Nataka nione."

"Ni haki yako."

Wakaosha wote, kwa maji ya chumvi, Modesta akiitazama mikono ya mwenzake bila kupepesa. Siku ya pili hakuonekana kitu. Siku ya tatu harufu ilipungua. Siku ya nne kijani kilikuwa kimeondoka, na pembeni nyama mpya imeanza kuwa nyekundu. Modesta alimshikia Teodora bandeji ili afunge vizuri.

Baada ya wiki sita Mzee Luhende aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alianza kumuaga Modesta kwa kumshika mkono. Akamwita mwanangu, akamwombea baraka ndefu kwa Kisukuma, daktari akitabasamu pembeni. Teodora aliusikia mwiba ule ule ukimchoma.

Akauacha uchome. Alipiga magoti mbele ya mzee, akamfunga viatu vyake vya katambuga, mguu wa kulia, kisha wa kushoto.