Kiti cha Hohenrode

Chepkirui, muuguzi wa Silver Spring, Marekani, hakuwahi kukanyaga Ujerumani, lakini wabunge wa jimbo la Hohenrode aliwajua kama ukoo wake. Mdogo wake Kiprono, aliyekimbilia huko nyumba yao ilipochomwa kwenye vita vya ukabila, alikuwa akimsimulia kwa simu: baada ya Vita Vikuu vya Pili alichaguliwa mwashi, akafuata daktari wa mifugo, kisha Bi Stolz, wote wa chama kimoja. Bi Stolz ndiye aliyekuwa akimtetea Kiprono asirudishwe Kenya.

Jumapili ya uchaguzi, Septemba 1998, Chepkirui alitoka kanisani akapiga simu.

"Ameanguka, dada," Kiprono alisema.

"Si ulisema kiti hicho hakijawahi kuwatoka?"

"Hakikuwa kimewatoka, mpaka leo."

Chepkirui akamsihi amwendee mbunge mpya. Kiprono alikwenda. Yule bwana alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba waliomchagua aliwaahidi kupunguza wageni.

Novemba polisi walimchukua Kiprono, akapandishwa ndege. Alipofika Nairobi alimpigia dada yake mara moja tu, akasema hathubutu kwenda nyumbani. Baada ya hapo kimya.

Chepkirui aliitafuta namba ya Bi Stolz, akampata. Mama yule alimkumbuka Kiprono, hata akalia kidogo.

"Siku hizi hata mimi wakubwa wa serikali hawanipokelei simu," alisema.

Chepkirui alimshukuru, akavaa sare yake, akaenda kazini.