Meli ya Kamina Haivuji

Meli yetu ya milingoti mitatu, mfano wa zile za kale, imesimama katika uwanja wa parokia hapa Kamina, mbali na bahari yoyote. Mvua iliozesha mbao zake. Mimi, Ndaya, seremala wa mabehewa ya treni, nilizibadilisha kwa miezi minne, nikaziba nyufa kwa kamba na lami.

Siku ya kuipima, mgeni mmoja kutoka Lubumbashi alicheka.

"Mama, mutaipima namna gani? Huku bahari iko wapi?"

Mdomo hauzibi ufa. Tuliijaza maji ndani, kama tunavyopima behewa la mafuta, tukangoja.

Jioni mgeni alipiga magoti, akapapasa chini ya meli. Mkono wake ulitoka mkavu.

"Kama mayi ilishindwa kutoka," nilimwambia, "bahari itaingilia wapi, baba?"